Konstantino hakuufanya Ukristo dini ya dola, ila ndiye aliyeanza kuupa hela

Nafundisha historia ya kanisa la kwanza, na karibu kila darasa jipya linakuja na stori ileile: Wakristo walitupwa kwa simba miaka 300 mfululizo, Konstantino, kaisari wa Roma, akaona msalaba angani, akashinda vita pale Daraja la Milvio mwaka 312, na mwaka 313 Ukristo ukawa dini ya dola. Mwanzo wa stori umetiwa chumvi nyingi, na mwisho wake si kweli kabisa.

Mateso yalikuwepo ila kwa muda mrefu yalikuwa ya hapa na pale. Kaisari Nero mwaka 64 aliwaua Wakristo wa Roma, sio wa dola nzima. Kwenye mwaka 112 hivi gavana Pliny alimwandikia kaisari Trajan kuuliza awafanyeje Wakristo, akajibiwa wasisakwe, barua za umbea zisizo na jina zisipokelewe, ila mtu akishtakiwa na akagoma kuabudu miungu, aadhibiwe. Dola nzima inaingia kazini kwa kaisari Decius, mwishoni mwa 249 kuingia 250, alipoagiza watu wote watoe sadaka kwa miungu na wapewe cheti. Na vyeti hivyo tunavyo jamani, zaidi ya 40, vya mafunjo, vimepatikana Misri, mtu anataja jina lake na kijiji chake, anasema siku zote nimewatolea miungu sadaka na sasa mbele yenu nimemimina kinywaji, nimetoa sadaka, nimeonja nyama, halafu maofisa wanaweka saini. Kimoja ni cha mama mmoja kuhani wa mungu mamba, yaani hata kuhani wa miungu hiyohiyo alitakiwa awe na karatasi!

Wapo Wakristo waliogoma wakafia gerezani, wapo waliotoa sadaka, na wapo waliohonga wakapata cheti bila kugusa madhabahu. Decius akafa vitani 251 lakini swali likabaki kanisani, hawa walioanguka tunawarudishaje? Sipriani, askofu wa Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, alihangaika nalo sana, na mwaka 258 mwenyewe akakatwa kichwa chini ya kaisari Valerian.

Mwaka 303 kaisari Diocletian akaja na amri nyingine, makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Baadhi ya maaskofu walikabidhi vitabu. Likumbuke hilo, maana ndo linalobeba kila kitu kinachofuata. Mwaka 311 kaisari Galerius, aliyekuwa mkali kuliko wote, akiwa mgonjwa wa kufa akawaruhusu Wakristo waabudu na akaomba wamwombee kwa Mungu wao, na 313 Konstantino na kaisari mwenzake Licinius wakakubaliana Milan kwamba kila mtu afuate dini anayoitaka na mali za kanisa zirudishwe. Ni uhuru wa dini tu, hakuna neno la dini ya dola humo.

Kwa maoni yangu kilichobadilisha mambo ni hela. Mwaka huohuo wa 313 Konstantino anamwandikia Caecilian, askofu mpya wa Karthago, kwamba kuna folisi 3,000 (hela za Kirumi) za kugawia makasisi, na gavana Anulinus anaambiwa makasisi wa kanisa la Caecilian wasibebeshwe kazi na gharama za umma. Sasa Karthago ilikuwa na maaskofu wawili! Wapo waliomkataa Caecilian wakisema mmoja wa waliomweka wakfu, Felix wa Aptungi, alikabidhi vitabu wakati wa mateso, kwa hiyo wakachagua wa kwao, na baadaye wakaongozwa na Donatus, ndo tunawaita Wadonato. Serikali ikishatoa hela lazima ijue kanisa halisi ni lipi, na hapo kaisari ambaye hajabatizwa (alibatizwa 337, akiwa kitandani pa mauti) anageuka hakimu.

Na waliopeleka kesi kwake ni Wadonato wenyewe. Wakashindwa Roma 313, wakashindwa Arles 314, Konstantino akaamua mwenyewe 316, wakashindwa tena, na mwaka 317 askari wakaingia kuwanyang'anya makanisa na damu ikamwagika Karthago. Hesabu mwenyewe, miaka minne tu toka makubaliano ya Milan na tayari wapo Wakristo wanaouawa kwa nguvu ya dola kwa ajili ya ugomvi wa Wakristo. Mwaka 321 Konstantino akaona haisaidii akawaacha. Miaka mingi baadaye, 347, maofisa wa mwanawe Constans walipokuja na hela nyingine, Donatus akauliza, kaisari ana nini na kanisa? Swali zuri sana lakini upande wake ndio uliokuwa wa kwanza kubisha hodi.

Twende 27 Februari 380, Thesalonike, ambapo kaisari Theodosius anaagiza watu wote washike imani ya maaskofu Damasus wa Roma na Petro wa Alexandria, akisema wengine ni wendawazimu na mikutano yao isiitwe makanisa. Hiyo ndo sheria ya dini ya dola, na ukiisoma vizuri waliolengwa kwanza ni Wakristo wasioshika imani ya maaskofu hao, kabla hata ya wanaoabudu miungu, ambao sadaka zao zilipigwa marufuku kabisa 391 na 392.

Wadonato walikuwa bado wapo. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, mwanzoni alipinga watu kulazimishwa, baadaye akabadilika akawa anatumia Luka 14, "ukawashurutishe kuingia ndani", na anaeleza mwenyewe kwamba aliona miji mizima imerudi kwa kuogopa sheria za kaisari. Mwaka 411 wakakutanishwa Karthago, karibu maaskofu 280 kila upande, mwenyekiti ni ofisa wa kaisari, Marcellinus, akawapa ushindi Wakatoliki, yaani upande uliotokana na Caecilian. Mwaka 412 ikatoka sheria: faini kwa kila Mdonato kulingana na cheo chake, viboko kwa wakulima wa mashamba ya mabwana, na makanisa yao yote yapewe upande ulioshinda.