Je, wajua kwa nini tangawizi ni ndugu wa mgomba?

Kata ndizi mbivu kwa upana, halafu sukuma kidole taratibu katikati ya kipande kimoja. Itapasuka yenyewe vipande vitatu, kama iliyokuwa na mishono. Kisha chukua iliki moja jikoni, ipasue: ndani mna vyumba vitatu vya mbegu. Ndizi na iliki zimetoka katika ukoo mmoja, na hiyo tatu ni hesabu ya ukoo wao.

Nyuma ya nyumba yetu Bwiru, chini ya yale mawe makubwa ya Mwanza, kuna migomba minne, sufuria bovu lililopandwa tangawizi, na maua ya kanna mekundu kando ya mfereji. Nilipomwambia shangazi kwamba vyote vitatu ni ndugu, hakukubali. Yeye ni mzaliwa wa Muleba, Kagera kwenye migomba; hafundishwi mgomba na mtu.

"Ndugu kwa lipi? Mgomba ni chakula, tangawizi ni kiungo, hayo mengine ni mapambo."

Nikaanza na majani. Jani changa la kila mmoja hutoka likiwa limeviringwa kama mkeka, kisha hufunguka likiwa na uti mnene katikati na mishipa inayokimbia pembeni. Hapo akakubali kidogo. Lakini jani linakuonyesha ukoo tu, halikuambii nani ni mtoto wa nani. Mti wa msafiri, ule wa Madagaska unaopandwa mbele ya hoteli ukiwa umejitandaza kama kipepeo cha mkono, una majani ambayo mgeni angeapa ni ya mgomba, na mgomba sio. Wanaoainisha mimea hii huacha jani wakafungua ua.

Ndani ya ua wanahesabu stameni, yaani vile vijiti vya kiume vinavyobeba chavua. Mpango wa asili wa ukoo huu ni stameni 6, katika duru mbili za tatu tatu. Kinachozitofautisha familia zake 8 ni hasa hizo 6 zimefanywa nini. Mti wa msafiri umezibakiza zote. Mgomba una 5, na mahali pa ya sita pako wazi. Helikonia, ua la mahotelini lenye asili ya Amerika, nalo lina 5 zenye chavua, na ya sita imebaki kama kijiti kisicho na kazi. Tangawizi, manjano na iliki zina stameni moja tu. Kanna ina nusu.

Nusu kweli. Chungulia ndani ya kanna utaona kijiti kimoja ambacho upande wake mmoja una kifuko cha chavua, na upande wa pili umetanuka ukawa kama kitambaa chekundu. Stameni nyingine ziliacha kabisa kazi ya chavua zikageuka kuwa urembo. Yale mapana mekundu tunayoyasifia kwenye kanna si petali, yaani si vile vipande vya rangi vya kawaida vya ua. Petali zake za kweli ni tatu, nyembamba, zimejificha chini, wala hakuna anayezitazama. Kwenye tangawizi nako, ule mdomo mpana wa ua ni stameni mbili zilizoungana na kuwa kitu kimoja. Mimi hili ndilo lililonifanya niyapende maua haya: kilichoacha uzazi kimekuwa tangazo la kuwaita wadudu.

Ndiyo maana kuhesabu peke yake kulimpoteza hata Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea majina tunayotumia mpaka leo. Yeye alipanga mimea yote katika madaraja 24 kwa kufuata viungo vya uzazi vya ua. Katika kitabu chake cha 1753, tangawizi na kanna zikaingia daraja la kwanza, la wenye stameni moja. Mgomba akautupa mbali, daraja la 23, kwa sababu mkungu mmoja una maua ya jinsia tofauti. Waliofuata hawakuuliza idadi tu, waliuliza pia zile stameni zilizopotea zimekwenda wapi, na hapo ndugu wakakutanishwa. Oda nzima, yaani kundi la familia hizo 8, leo inabeba jina la tangawizi: Zingiberales.

Sasa turudi kwenye mgomba wenyewe. Lile tumba la zambarau linaloning'inia lina magamba, na kila gamba likiinuka hufunua safu ya maua. Yanayotangulia ni ya kike, ndiyo yanayokuwa chane. Yanayofuata ni ya kiume, hufunguka na kudondoka. Kila ua la kike limekaa juu ya tunda lake, si tunda ndani ya ua, kwa hiyo ile ncha nyeusi kwenye ndizi ni kovu la mahali ua liliposimama.

Ua hilohilo ndilo linalotenganisha ndizi za sokoni. Ndizi nyingi tunazokula ni uzao wa mimea mwitu miwili ya Asia, Musa acuminata na Musa balbisiana, na herufi A na B zinaonyesha kila aina imerithi nini. Mwaka 1955 wataalamu wawili, Simmonds na Shepherd, walitoa njia ya kuzipima kwa sifa 15. Kila sifa inapewa alama 1 ikifanana kabisa na acuminata, hadi 5 ikifanana na balbisiana, hivyo jumla ni kati ya 15 na 75. Katika sifa hizo 15, mbili tu ni za shina na jani. Zilizobaki 13 ziko kwenye mkungu na ua: gamba likiinuka linajikunja kwa nyuma au linabaki limenyooka, ndani ni jekundu mpaka chini au rangi inafifia, vijiyai vya mbegu vimejipanga mistari miwili au minne. Ndizi za kupika zinazovuka ziwa kutoka Bukoba ni AAA, na gamba lao hujikunja. Bokoboko ni ABB, gamba lake huinuka bila kujikunja.

Kwa mkulima wa Kagera hili si jambo la darasani. Mnyauko bakteria, ugonjwa wa migomba, ulipoingia mkoani humo katikati ya miaka ya 2000, ulienezwa pia na nyuki na wadudu wengine wanaofuata nekta kwenye tumba. Kainja, ndizi ya pombe, iliumia sana kwa sababu magamba na maua yake ya kiume hudondoka na kuacha vidonda vibichi vinavyotoa utomvu, na bakteria huingilia hapo. Aina ambazo magamba na maua hayo hung'ang'ania bila kudondoka, kama Nakitembe ya Uganda, hazipati ugonjwa kirahisi kwa njia hiyo. Ushauri ukawa kuvunja tumba mara tu chane ya mwisho inapotokea, kwa kijiti chenye panda, maana panga hubeba ugonjwa kutoka shina moja hadi jingine.

Shangazi ameuhamishia ushauri huo mpaka Bwiru. Jumamosi iliyopita alizungusha panda ya mpera kwenye kikonyo, tumba likaanguka. Nililiokota nikamfungulia gamba moja baada ya jingine. Alichambua ua la kwanza kwa kucha, akahesabu 5. Akachambua la pili, 5. La tatu aliliweka kiganjani, akaenda nalo kwenye kanna.