Safu tupu kwenye kadi ya kliniki
Binti aliyepoteza mtoto tumboni alikuja ofisini kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akiongozana na mama yake mzazi. Kadi ya kliniki ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko umefundikwa kwenye pindo la kanga ya mama. (Nimebadilisha mambo madogomadogo asijulikane.)

"Wakili mwanangu, soma mwenyewe," mama akaniambia. "Sisi tunaambiwa ni mipango ya Mungu."

Nikasoma. Wiki ya 24, presha 110/70, mkojo hauna protini. Wiki ya 32, presha 150/100. Safu ya mkojo tupu. Pembeni yake: "arudi baada ya mwezi." Siku 11 baadaye binti alishikwa na kifafa cha mimba, degedege linaloletwa na presha ya ujauzito, akiwa jikoni. Yeye alipona. Mtoto hakuzaliwa hai.

Presha ikifika 140/90 baada ya wiki 20, mhudumu anatakiwa kuipima tena na kupima protini kwenye mkojo. Kijiti cha kupimia kinatoa jibu ndani ya dakika mbili. Anatakiwa pia kumuuliza mjamzito kama kichwa kinamuuma sana, kama macho yanaona ukungu, kama ana maumivu chini ya kifua. Binti huyu anasema kichwa kilimuuma wiki nzima, na hakuna aliyemuuliza.

Watu wengi hudhani kosa likishaonekana, kesi imekwisha. Bado. Lazima nithibitishe kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwa binti huyu, kwamba hakuutimiza, na kwamba kutoutimiza ndiko kulikoleta madhara. Hilo la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Upande wa pili utasema: hata mkojo ungepimwa, mtoto angeweza kufa. Na ni kweli kifafa cha mimba huweza kumpata hata mama aliyehudumiwa vizuri. Kwenye madai sidaiwi kuthibitisha bila kuacha shaka, hicho ni kipimo cha jinai; natakiwa kuonyesha kwamba yaelekea zaidi mtoto angeokoka kuliko kutookoka. Kwa hiyo namhitaji daktari bingwa wa wanawake aisome kadi hii na aieleze Mahakama nini kilipaswa kufanyika siku ile: rufaa ya kwenda hospitali kubwa, dawa za kushusha presha, magnesiamu salfeti (dawa ya kuzuia kifafa hicho) ikibidi, pengine kuzalishwa mapema. Tanga madaktari wanajuana, wanazikana. Siwalaumu wanaokataa kusimama kizimbani dhidi ya mwenzao, lakini wateja wangu wanaumia kwa ukimya huo, na mara nyingine hunibidi nimtafute shahidi Dar es Salaam.

Muda nao haungoji. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kituo kikiwa cha serikali, hutangulia notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Wapo wanaonifikia mwaka wa nne, baada ya vikao vya familia na ahadi za "tutawaita." Unaweza pia kulalamika Baraza la Madaktari, nalo lina uwezo wa kumwadhibu daktari, ila fidia halikulipi.

Nilichomwomba mama kabla hajaondoka ni kupiga picha kila ukurasa wa kadi, mbele na nyuma, kwa simu yake. Kadi yenyewe sasa iko kwenye kabati langu. Notisi tumeipeleka Jumanne.