Simu isogezwe kiasi gani? Picha za 3D za miwani ya rangi mbili

Watu wakiona picha zangu za 3D, swali la kwanza huwa ni programu ninayotumia. Programu ni jambo dogo. Kila picha ya 3D huundwa kwa picha mbili, moja ya jicho la kushoto na moja ya jicho la kulia, na huharibikia mkononi, pale unaposogeza simu kutoka picha ya kushoto kwenda ya kulia.

Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kisha fumba jicho moja baada ya jingine. Kidole kinarukaruka mbele ya ukuta. Macho ya mtu mzima yameachana kama sentimita 6.5, basi kila moja lina picha yake, na ubongo hupima umbali kwa tofauti hiyo. Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha jambo hili London mwaka 1838 kwa michoro na vioo viwili, kabla hata upigaji picha haujatangazwa. Kutenganisha picha kwa rangi kulielezwa na Mjerumani Wilhelm Rollmann mwaka 1853, na mwaka 1891 Mfaransa Louis Ducos du Hauron akaja na picha mbili zilizochapwa juu ya karatasi moja. Ndizo anaglifu tunazotengeneza hadi leo.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya mlango wa nakshi, Mji Mkongwe, Unguja. Nilitaka ile misumari ya shaba imchome mtazamaji, nikasogea hatua nzima. Nilipovaa miwani niliona milango miwili inayogombana, na kichwa kikaniuma. Tangu hapo nafuata kanuni ya wapigapicha wa zamani: pima umbali hadi kitu kilicho karibu zaidi, ugawe kwa 30. Mlango ukiwa mita 2 mbele yako, sogeza simu kama sentimita 6 au 7. Kombe la pwani lililo sentimita 30 tu linataka sentimita 1. Kwa mlima, ikiwa hakuna kitu kwenye fremu kilicho karibu kuliko mita 300, tembea mita 10. Simu isogee kando tu, bila kuigeuza kuelekea kitu. Na achana na jahazi linaloyumba au watu wanaopita, labda uwe na simu mbili zinazopiga kwa pamoja.

Kwenye kompyuta kazi ni fupi. Mimi natumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha: chaneli nyekundu (yaani sehemu ya picha yenye wekundu peke yake) naichukua kwenye picha ya kushoto, kijani na buluu kwenye ya kulia, navipachika pamoja. Miwani ina lenzi nyekundu kushoto na samawati kulia, hivyo kila jicho linapata picha yake na kunyimwa ya mwenzake. (Miwani ya sinema haifai hapa. Ile huchuja mwanga kwa njia nyingine kabisa.) Hakikisha picha hazipishani juu na chini. Macho yamezoea kukutana kwa ndani, lakini hayajui moja kupanda na jingine kushuka, na hata tofauti ndogo huchosha.

Adui mwingine ni rangi nyekundu yenyewe. Mpige picha mtu aliyevaa shuka la Kimaasai: jicho la kushoto linaona shuka linang'aa, la kulia linaona jeusi, na nguo inameremeta vibaya. Nami huigeuza picha ya kushoto iwe nyeusi na nyeupe kabla ya kuchukua chaneli yake. Wekundu unafifia, lakini shuka linatulia. Kanga nyekundu kabisa? Hapo nageuza picha zote mbili, na sijutii.

Ukiona kivuli cha pili pembeni ya vitu vyeupe, lenzi zinavujisha rangi. Punguza mwanga wa kioo kidogo, au tafuta miwani bora kuliko ile ya karatasi. Na misumari ya mlango ikionekana kama mashimo, usianze kazi upya. Angalia kwanza kama miwani umeivaa kinyume.