Balbu ya flashi ya zamani haikuwa hafifu

"Flashi za wazee zilikuwa na mwanga wa kibiriti, jouli 400 ndiyo taa." Kauli hii imeenea mno kwa wapiga picha wa harusi hapa Unguja, na si kweli hata kidogo.

Jouli 400 za taa ya studio ni umeme uliojazwa kwenye kapasita, yaani ghala lake la umeme, si mwanga unaotoka. Mwanga wote wa flashi huhesabiwa kwa lumeni-sekunde, na mrija wa zenoni wa taa hiyo hutoa kiasi cha 40 kwa kila jouli. Zidisha: 16,000. Sasa chukua balbu ya flashi ya wazee, inayowaka mara moja tu na kutupwa: Na. 5, ile ya kufumbatika kiganjani: nayo ni 16,000 hivi. Na. 22, yenye umbo la balbu ya nyumbani, inapita 60,000. Ukitaka kuifikia kwa taa ya studio, tafuta jouli 1,500.

Kinachotofautiana ni muda. Balbu ya kundi M, kama hizo mbili, huunguza metali ndani ya oksijeni. Inafika kileleni milisekunde 20 baada ya kupata umeme, kisha inafifia polepole. Taa ya studio humaliza kazi kwa milisekunde moja hivi au pungufu, kwa hiyo kilele chake kiko juu zaidi ingawa jumla ni ileile. Ndiyo maana mkono wa mcheza kidumbaki huganda kwenye taa ya studio, na kwenye balbu unaacha ukungu.

Wengi wanaojaribu balbu huweka kamera kwenye sinki ya X, inayowasha flashi pale tu shata inapofunguka, na shata 1/125 ya sekunde. Milisekunde nane tu! Shata imeshafunga balbu haijapamba moto, halafu lawama inapewa balbu. Pimeni hivi: chumba cha giza, kamera juu ya miguu mitatu, shata kwenye B, inayobaki wazi mpaka uifunge. Fungua, washa balbu kwa kitufe cha kishikio chake, funga. Kwa mita ya flashi, iweke 1/15, la sivyo nayo itakata mwanga. Na umbali uwe mmoja, kioakisi cha aina moja. Kumshindanisha mwenye bakuli la kung'aa na aliyevishwa softiboksi, boksi la kitambaa linalomeza stopu nzima (nusu ya mwanga) au zaidi, ni dhuluma.

Ati ukiongeza jouli maradufu, mwanga utafika mbali maradufu? Hapana. Unapata stopu moja, yaani mwanga maradufu, na umbali unazidi mara 1.4 tu.

Ati balbu zote zina rangi ya manjano? Zile za kioo cheupe, ndiyo, kama Kelvini 3,800 kwenye kipimo cha rangi ya mwanga. Za buluu zinakaribia mwanga wa mchana.

Ati balbu haiharibiki ikikaa kabatini? Tazama kidoa cha buluu ndani ya kioo, kwa balbu zilizo nacho. Kikigeuka waridi, hewa imeingia. Usiiwashe, inaweza kupasuka. Kwa chumvi ya hewa yetu, kitako nacho hushika kutu: kisugue kwa msasa laini kabla ya kuichomeka, umevaa miwani.