Thaimasi si goita: tunayoyakosea kuhusu tezi ya kinga

Hapa Kisumu ni nadra kukutana na mtu mzima ambaye hajasikia habari za CD4, seli za kinga ya mwili. Kliniki za HIV zimetufundisha kwamba hesabu hiyo ikishuka, mwili unabaki bila ulinzi. Ila ukiuliza seli hizo hukomaa wapi, wengi watakwambia ni kwenye damu. Asili yake ni uboho wa mifupa, kisha zinahamia thaimasi, tezi laini iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Huko ndiko zinakokomaa na kuwa seli T, na CD4 ni kundi mojawapo la seli hizo.

"Ni ile tezi ya goita." Hapana. Goita ni uvimbe wa thairoidi, iliyo shingoni, na ndiyo inayohitaji iodini ya kwenye chumvi.

"Haina kazi yoyote." Hata wanasayansi waliamini hivyo hadi 1961, mtafiti Jacques Miller alipowatoa thaimasi panya wachanga huko London. Panya hao walidhoofika, wakashambuliwa na maradhi, na miili yao ikashindwa hata kukataa ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa panya wengine.

"Kinga ikiwa kali zaidi ndiyo bora." Dhana hii ndiyo inayouza vidonge na chupa za mitishamba kwenye matatu na sokoni. Thaimasi yenyewe haitafuti ukali tu. Kila seli hupimwa kama inaweza kuzitambua alama za mwili, kisha hupimwa tena kama itaugeukia mwili huohuo. Zaidi ya asilimia 90 ya seli hizo hushindwa na kufia humo humo. Uchujaji huo ukiharibika, kinga hushambulia viungo vya mwenyewe.

"Thaimasi kubwa kwa mtoto ni ugonjwa." Hili liliwaumiza watoto wengi. Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Marekani na Ulaya walidhani thaimasi kubwa huwabana watoto koo na kuwaua ghafla, wakaipiga miale ya eksirei. Miaka baadaye baadhi ya watoto hao walipata saratani ya thairoidi. Kipimo cha ukubwa wa kawaida kilikuwa kimetokana na maiti za maskini waliokufa baada ya njaa na maradhi ya muda mrefu, na tezi zao zilikuwa zimesinyaa. Tezi ya mtoto mwenye afya ni kubwa kwa asili.

Hapo ndipo ninapotaka wazazi wa Nyanza na Magharibi wasikilize. Utapiamlo mkali huisinyaza thaimasi, na ndiyo sababu mojawapo surua, nimonia na kuhara humwelemea mtoto aliyekonda. Akilishwa vizuri tezi hukua tena, ila polepole kuliko kilo zinavyorudi kwenye mizani. Kwa hiyo tafadhali, usimtoe mtoto kwenye mpango wa chakula tiba kwa sababu tu mashavu yamejaa. Ngoja kliniki iseme. Na chanjo za surua za miezi 9 na 18 zisirukwe.

"Mtu mzima anaweza kuiamsha kwa kugonga kifua au kunywa dawa." Thaimasi huanza kupungua mapema maishani, na baada ya kubalehe nafasi yake huzidi kujazwa mafuta. Hilo si ugonjwa. Seli T zilizokwisha kukomaa hugawanyika na kudumu miaka mingi. Kugonga kifua hakuirudishi, wala hakuna kidonge cha dukani kilichothibitishwa kuikuza. Anayeishi na HIV, ARV ndizo zinazozipa CD4 nafasi ya kuongezeka.

"Basi kwa mtu mzima ikitolewa hakuna hasara." Utafiti wa Marekani uliotolewa 2023 ulikuta kwamba ndani ya miaka 5, asilimia 8.1 ya waliotolewa thaimasi walikufa, ikilinganishwa na asilimia 2.8 ya waliofanyiwa upasuaji mwingine wa kifua bila kuitoa. Palipo na uvimbe wa tezi hiyo, au miasthenia inayolegeza misuli, kuiondoa kunaweza kuwa tiba yenyewe. Kwa upasuaji mwingine wa kifua, muulize daktari kama inaweza kuachwa.