Afisa na Askari Wake: Kwa Nini Jeshi la Marekani Linakataza

Watu wakisikia afisa wa jeshi la Marekani kafukuzwa kwa uhusiano na askari wa chini yake wanasema aah, si watu wazima wamekubaliana, serikali inaingilia nini? Hili swali naulizwa sana, hasa na ndugu wa vijana wetu walioingia jeshi lile, so ngoja nieleze.

Kwanza sio mapenzi peke yake. Kanuni yao ya AR 600-20 inamkataza afisa hata kufanya biashara ya kudumu na askari wa kawaida au kucheza naye kamari. Kumuuzia gari mara moja ruksa, kufungua naye duka hapana. Sababu ni kwamba afisa ndo anaandika ripoti ya kumpandisha mtu cheo, ndo anaamua nani atoke doria usiku na nani abaki kambini, sasa siku mpenzi wake akibaki na wengine wakatoka, hata kama alipanga kwa haki kabisa, nani kwenye platuni atamwamini tena?

Kifungu cha 134 cha sheria yao ya kijeshi kinaruhusu afisa mwenye uhusiano kama huo afukuzwe, apoteze mshahara na marupurupu yote na afungwe hadi miaka 2. Tangu 2019 kuna na kifungu cha 93a kwa wakufunzi na wanaoandikisha askari wapya, hapo ukijihusisha kimapenzi na kuruta ni hadi miaka 5 na kusema "alikubali mwenyewe" hakukusaidii. Na ni haki kabisa, kuruta anaamka, anakula na kulala kwa amri yako, atakukatalia vipi?

Shida inakuja kwa wakubwa. 2014 brigedia jenerali Jeffrey Sinclair alikiri uhusiano wa nje ya ndoa na kapteni aliyekuwa chini yake, na kumtendea vibaya, mashtaka mazito zaidi ya kingono yakafutwa kwenye makubaliano, akapigwa faini dola 20,000 na karipio, jela hakuenda, baadae akastaafishwa kama luteni kanali, ngazi mbili chini. Wengi waliumia na mimi naona ilikuwa nyepesi mno, maana askari mdogo anaangalia mkubwa kafanywa nini ndo anajua sheria ni ya nani.

Tangu mwisho wa 2023 uamuzi wa kushtaki makosa kama ubakaji umeondolewa mikononi mwa makamanda ukapewa waendesha mashtaka huru. Ila huu uhusiano uliokatazwa, ukiwa peke yake, bado uko mikononi mwa kamanda.