Kapeti za gari: povu, jiki, siki na mengine tunayoyaamini bure

Kapeti ya gari ikianza kunuka siku chache baada ya kufuliwa, mara nyingi si kwamba aliyeifua alikuwa mvivu. Alimwaga sabuni ya kutosha, akasugua mpaka viganja vikauma, akaianika kidogo, akairudisha. Tatizo ni kile kilichobaki ndani: mchanga chini ya manyoya, sabuni isiyosuuzika, maji yaliyojificha kati ya kitambaa na mpira. Dhana nyingi tulizozoea kuhusu usafi wa kapeti huongeza hayo mabaki badala ya kuyapunguza. Na ziko zinazohusu kapeti ya dereva ambazo zinaweza kuua mtu. Hizo nimeziweka mwisho ili nizieleze kwa nafasi.

“Mwagia maji kwanza, vumbi litatoka lenyewe”

Halitoki. Vumbi likipata maji linakuwa tope, na tope linazama kwenye mizizi ya manyoya ambako brashi haifiki. Uchafu mwingi wa kapeti ni mkavu, na uchafu mkavu huondolewa ukiwa mkavu. Itundike ukutani au kwenye kamba imara, uichape mgongoni kwa fimbo mpaka isitoe vumbi tena. Kisha ilaze chini, pitisha brashi kavu kinyume cha manyoya, uichape mara nyingine. Mwenye vakyumu aitumie hapo. Mfagio wa chelewa unafaa kwa upande wa mpira, lakini brashi ya waya iache kabisa, inachana nyuzi.

Usione kazi hii kuwa ya utangulizi tu. Punje za mchanga ni ngumu kuliko nyuzi za nailoni, na kila unapokanyaga zinazisaga nyuzi hizo kutoka chini. Angalia kapeti yoyote ya dereva iliyotoboka: tundu liko pale pale kisigino kinapokaa wakati mguu uko kwenye mafuta.

Udongo mwekundu wa Arusha, Moshi au Njombe unataka subira zaidi. Tope likiwa bichi usiliguse, maana kulisugua ni kulipaka. Liache likauke, lipasuke, ulibandue kwa mkono, ndipo upige brashi. Doa jekundu linalobaki linatokana na madini ya chuma, ndugu wa kutu. Wengi hukimbilia jiki, na jiki haiyeyushi kutu. Inaweza hata kuikoleza huku ikila rangi ya kapeti yenyewe. Maji ya ndimu au siki kwa robo saa kabla ya sabuni hupunguza doa hilo, ingawa la siku nyingi halitaisha lote.

“Maji ya bahari yakikauka yameisha”

Hii ni ya sisi tunaokwenda Kigamboni au Bagamoyo Jumapili na kurudi na watoto walioloa. Maji yanaondoka, chumvi inabaki, na chumvi ya bahari hufyonza unyevu wa hewani. Kwa hiyo kapeti inakauka mchana, usiku inarudi kuwa na ubichi, na hali inaendelea hivyo wiki nzima. Chini yake bati la sakafu linaanza kushika kutu. Dawa ni maji baridi tu, mengi, kabla ya sabuni. Ukitia sabuni juu ya chumvi haitoi povu vizuri, nawe utaongeza nyingine bila sababu.

“Povu likiwa jingi ndipo uchafu unatoka”

Povu ni hewa. Kinachoondoa mafuta na uchafu ni sabuni iliyoyeyuka ndani ya maji, na kazi hiyo haihitaji nyingi. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga kwenye ndoo ya lita 10 kinatosha kapeti zote nne. Sabuni iliyozidi inabaki kwenye nyuzi, inakauka ikiwa na utando wa kunata, na utando huo unakamata vumbi la viatu kuanzia siku ya kwanza. Ndiyo sababu kapeti iliyofuliwa kwa sabuni nyingi huchafuka haraka kuliko ile uliyoichapa tu.

Kipimo ni rahisi. Baada ya kusuuza, ilaze kapeti mahali penye mteremko, bonyeza kwa kiganja kwa nguvu. Maji yakitokeza na vipovu vyeupe kati ya vidole, bado. Chukua kile kifaa cha mpira cha kusukumia maji sakafuni, au ukingo wa ubao usio na makali, ukwangue kuanzia juu kwenda chini. Maji ya kwanza yatatoka ya kijivu, ya pili kama tui jepesi, na ukirudia kumwagia na kukwangua utafika mahali yanatoka maangavu kabisa. Hapo umesuuza. Watu wengi huacha kwenye yale ya pili kwa sababu kwa macho kapeti inaonekana safi.

“Changanya siki na magadi soda, hakuna harufu itakayobaki”

Hii inanikera kuliko zote kwa sababu imebeba nusu ya ukweli. Magadi soda ya kupikia inafanya kazi, na siki pia inafanya kazi. Ukizichanganya zinauana. Siki ni asidi, magadi ni besi. Zikikutana zinatoa gesi ya kabonidayoksaidi, ndicho kile kichemko kinachotufurahisha, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi hafifu yasiyo na nguvu ya maana.

Lililo la msingi ni kujua harufu imetokana na nini. Mtu aliyetoka soko la samaki la Feri, ndoo ya vibua ikavuja maji njiani, hana tatizo moja na mzazi aliyemwagikiwa maziwa ya mtoto.

Harufu ya shombo inatoka kwenye kemikali iitwayo trimethilamini, nayo ni besi. Asidi ikiigusa inaigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani, na pua haiipati tena. Mpishi wa Pwani anayekamulia samaki ndimu anafanya kemia hiyo hiyo. Kwa hiyo kapeti ya shombo isuuze kwanza kwa maji baridi, kisha imwagie siki iliyochanganywa na maji, kikombe kimoja cha siki kwa viwili vya maji, au ndimu kadhaa zilizokamuliwa kwenye maji. Iache robo saa, ndipo ufue kwa sabuni. Ukinyunyizia magadi hapo umeweka besi juu ya besi, na harufu inaweza hata kupanda.

Maziwa yaliyochacha ni kinyume chake. Harufu yake kubwa ni ya asidi, na hapo magadi ndiyo yenyewe. Lakini yasiwekwe juu ya maziwa yenyewe. Fua kwanza kwa maji ya baridi na sabuni ili protini na mafuta vitoke, kausha kabisa, halafu nyunyiza magadi makavu, yalale usiku kucha, asubuhi uyachape na kuyapiga brashi. Maji ya moto usiyatumie kwenye maziwa, mayai au damu: yanaipika protini hapo hapo kwenye nyuzi, na doa lililokuwa la kutoka kwa dakika chache linakuwa la kudumu. Maji ya moto sana hulegeza pia gundi inayoshika kitambaa na mpira, ndipo unaona kapeti inavimba mapovu mgongoni.

Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo hayafuti chochote. Utakuwa na harufu mbili.

Na nisisitize hili kwa sababu ni hatari: jiki isikutane na siki wala ndimu, hata kwenye ndoo ambayo hukuisuuza. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Kadhalika jiki isikutane na dawa ya vioo yenye amonia. Kama lazima utumie jiki, itumie kwenye kapeti ya mpira mtupu, ikiwa imezimuliwa kwa maji mengi, nje, peke yake, kisha usuuze vizuri.

“Grisi haitoki bila petroli”

Petroli inaitoa, halafu inaulainisha mpira wa mgongoni na kuacha mvuke ambao, gari likifungwa juani, unasubiri cheche tu. Mafuta ya taa hayana nafuu kubwa. Kwa doa la oili au grisi mwaga unga wa sembe au poda ya mtoto, uache saa kadhaa ufyonze, ukung'ute, kisha weka matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja kwenye doa kabla hujalimwagia maji. Sabuni hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mafuta. Rudia mara mbili kama ni lazima.

“Juu imekauka, rudisha”

Jua la Dar es Salaam hukausha ncha za manyoya kwa muda mfupi sana, na hapo ndipo tunapodanganyika. Maji yamekaa chini, yakizuiwa na mpira. Ukiirudisha hivyo na kufunga milango, umeweka unyevu, joto na giza pamoja, na ukungu hauombi zaidi ya hapo. Dalili ya mapema ni vioo kuingia mvuke asubuhi kuliko kawaida.

Itundike, usiilaze. Geuza pande. Kisha iwekee karatasi ya chooni iliyokunjwa, uikanyage kwa kisigino kwa dakika moja. Karatasi ikitoka na doa la ubichi, bado. Msimu wa masika hii inaweza kuchukua siku mbili, na ni afadhali uendeshe bila kapeti siku hizo mbili. Wapo wanaoogopa jua kwa sababu linapausha rangi. Kwa kitambaa, mchana mmoja hauna neno. Mpira ndio unaochakaa ukisahaulika juani wiki nzima, unakakamaa na kupasuka.

Sasa, iko kapeti inayoloa hata kama hujaifua. Kama ni ya abiria wa mbele, upande wa kushoto kwa magari yetu ya usukani wa kulia, usiilaumu mvua kabla hujaangalia kiyoyozi. Kiyoyozi kikifanya kazi kinatoa maji, nayo hutoka chini ya gari kwa mrija mdogo. Mrija ukiziba kwa vumbi, maji yanarudi ndani na kushukia miguuni. Utalijua kwa jambo moja: umewasha kiyoyozi kwa muda mrefu, umeegesha, na chini ya gari hakuna matone. Fundi anauzibua haraka. Kama ubichi una utelezi na harufu ya utamutamu, hayo ni maji ya rejeta, hiyo ni kazi nyingine na usiicheleweshe.

Kwa sababu hizo hizo sikubaliani na kufua kapeti zikiwa ndani ya gari ili kuokoa muda. Chini ya zulia lililogandishwa sakafuni kuna sponji nene inayokunywa maji, na chini ya viti katika magari mengi kuna soketi za umeme, zikiwemo za mifuko ya hewa ya usalama. Maji yakifika huko hutayaona.

“Kapeti ya mpira ing'arishwe ndiyo ionekane mpya”

Dawa ya kung'arisha tairi ina silikoni au mafuta. Kwenye tairi inapendeza. Kwenye kapeti ya dereva inafanya soli ya kiatu iteleze wakati mguu unahama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Mpira mweusi uliofifia ni mpira safi, ridhika nao. Ukipeleka gari kuoshwa, waambie mapema wasiipake, kwa sababu wengi hupaka kwa nia njema ya kumfurahisha mteja.

Na dhana ya mwisho ni kwamba kapeti haiwezi kufanya lolote, ni kipande cha zulia tu. Agosti 2009, karibu na San Diego nchini Marekani, gari aina ya Lexus, linalotengenezwa na Toyota, lilikwenda kasi bila kuzuilika na watu wanne wakafa. Wachunguzi walikuta limewekewa kapeti ya mpira ya modeli nyingine, haikushikizwa, na pedeli ya mafuta ilikuwa imenaswa nayo. Mwaka huo huo Toyota iliita magari zaidi ya milioni 3 nchini humo yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya kapeti na pedeli.

Huku kwetu mazingira ya ajali ya namna hiyo tunayatengeneza wenyewe siku ya kufua. Kapeti ya dereva kwa kawaida ina matundu mawili nyuma, na sakafuni kuna vishikizo vyake. Inapotolewa kufuliwa, vishikizo vinasahaulika au vilishavunjika siku nyingi. Wengine wameweka mpya ya mpira juu ya ile ya zamani ili ya zamani isichafuke, na mbili zikilaliana ya juu inasafiri. Zile za kukata kwa mkasi zinazofaa gari lolote, tunazozinunua Kariakoo, mara nyingi hazina matundu kabisa. Mgongo wake ukiwa na vijino, vijino hivyo visafishe vizuri, maana vikijaa tope havishiki.

Ukimaliza kuirudisha, gari likiwa limezimwa, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho na uiachie. Inama uangalie kama ukingo wa kapeti umeigusa. Fanya hivyo kwa breki na kwa klachi. Kisha isukume kapeti kwa kisigino kuelekea mbele. Ikisogea, itoe, iweke buti, uendeshe bila kapeti mpaka upate vishikizo.